Mama wa Wageni Wasiokula Samaki

Pale Dunga, kwenye ufuo wa ziwa huko Kisumu, watu walikuwa na jina lao la kumwita: Min Alot, yaani mama wa mboga. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Ufuo ule ulikuwa wa samaki toka alfajiri hadi jioni, ngege na mbuta wakiteremshwa kutoka mitumbwini, omena wakianikwa juu ya nyavu kuukuu, na harufu yao ikiingia hadi kwenye nguo zetu za kanisani. Katikati ya hayo yote alikuwa akishuka mwanamke wa Kihindi wa makamo, mwembamba, raba nyeupe miguuni, sari ameikunja na kuipachika kiunoni isilowe, na nyuma yake wageni sita au saba wenye mabegi mgongoni. Hao wote hawakula samaki. Hawakula nyama, hawakunywa maziwa, hawakugusa mayai. Mwaka mmoja alikuja bwana mmoja ambaye alikataa hata asali. Wavuvi walisimama kuwatazama wakipanda mtumbwi, na mzee mmoja aliwahi kuniuliza, kwa huruma ya kweli, kama watu hao walikuwa wagonjwa.

Mimi nilikuwa mpishi wao. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja, kuanzia katikati ya miaka ya themanini, na muda huo wote nilimwita Mama tu. Yeye aliniita Nyar Dunga, binti wa Dunga. Tulizungumza Kijaluo, kwa sababu alikizungumza vizuri kuliko Kiswahili, na akikasirika alikizungumza vizuri zaidi.

Alinikuta nikikaanga samaki. Alisimama upande ambao moshi haukufika, akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Unaogopa maji?"

Nikamwambia nimezaliwa hapa.

"Sijauliza umezaliwa wapi."

"Siogopi."

"Na unajua kupika nini kisicho samaki?"

Nilifikiri kidogo. Nikasema ugali. Akacheka, na siku hiyo niliona kwamba alikuwa na pengo upande wa kushoto, ambalo wageni hawakuliona mara nyingi kwa kuwa alikuwa akicheka amefunika mdomo. Akasema, "Ugali ni mwanzo mzuri. Njoo Jumatatu."

Kumbe nilijua mengi, ila sikuyahesabu kuwa chakula. Nilijua osuga, dek, apoth na mitoo, mboga ambazo mama zetu walizichuma nyuma ya nyumba na ambazo sisi wa ufukweni tulizila siku ambazo samaki hawakupatikana. Shida ni kwamba kwetu mboga hizo huchemshwa kwa maziwa, na zikilala siku mbili tatu huongezwa maziwa tena mpaka ziwe laini na uchungu uishe. Mama alinunua njugu, akanikabidhi jiwe la kusagia, akasema, "Maziwa yako ni haya." Tulimwaga masufuria manne kabla hatujapata kipimo. Ile ya tano alionja, akaonja tena, akachukua kitabu chake kidogo akaandika kwa mwandiko wa Kigujarati ambao sikuujua. Tangu siku hiyo wageni walipanda milima ya Homa na Mfangano wakiwa wamekula osuga ya njugu na ugali wa mtama, na mchana walikula nyoyo baridi, mahindi na maharagwe tuliyoyachemsha usiku uliotangulia, pamoja na ndizi na viazi vitamu. Walikuwa wakiandika barua baadaye kuuliza ile mboga inaitwaje. Nilijivuna sana, ingawa nyumbani kwangu mume wangu hakutaka hata kuiona.

Safari zake zilikuwa za miguu na za maji. Wageni walitoka Uingereza, Ujerumani, wachache India, wote walimpata kupitia gazeti fulani dogo la watu wasiokula kitu cha mnyama, ambamo alikuwa ameweka mistari minne na nambari ya sanduku lake la posta. Aliwachukua kwa siku nane. Walilala kwenye mahema katika viwanja vya shule au nyuani kwa watu aliowajua. Walikwenda kisiwa cha Ndere kuona swala, wakavuka hadi Rusinga na Mfangano, wakarudi kwa nchi kavu kupitia Asembo, na mara moja moja wakafika hadi Port Victoria, ambako alikuwa na rafiki mwenye nyumba ya ghorofa moja inayotazama maji. Alitembea mbele akiwa na fimbo, mgongo umenyooka. Watu wa umri wa watoto wake walikuwa wakihema nyuma yake.

Na mtu huyu alikuwa akiogopa ziwa. Hili nilichukua mwaka mzima kulitambua. Hakujua kuogelea hata kidogo. Kwenye mtumbwi alikaa katikati kabisa, akasimulia wageni habari za viboko na ndege, akawaonyesha kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto, chini ya upindo wa sari, umeshika ubao wa mtumbwi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Ouma, aliyekuwa akituendeshea injini, alijua. Mawimbi yakichafuka alikuwa akiimba kwa sauti, nyimbo za kanisa lake, na Mama akijifanya anamkemea kwa kelele. Siku moja nilimuuliza kwa nini alichagua kazi hii ikiwa maji yanamtisha hivyo.

"Kwani nyumbani hakunitishi?" akasema.

Nyumba yao ilikuwa mjini, upande wa reli, nyumba kubwa ya mawe yenye vyumba vingi na sakafu za saruji nyekundu. Mumewe alikuwa amekufa kabla sijamjua. Wana wawili waliondoka mmoja baada ya mwingine kwenda Uingereza, na walimtaka awafuate. Kila Jumapili mmoja wao alipiga simu, na kila Jumapili nilimsikia akisema neno moja kwa Kigujarati ambalo baada ya muda nilijua maana yake ni "mwakani". Vyumba alivifunga kimoja kimoja. Nilipoanza kazi alikuwa akitumia vinne. Nilipoacha alikuwa akitumia kimoja, na jikoni.

Sikuwahi kumwona akiua kitu. Mbu alimfukuza kwa mkono, mende alimtoa nje kwa ufagio huku akimwomba radhi. Lakini sokoni alikuwa mkali mpaka nikaona aibu. Aliweza kusimama mbele ya mwanamke anayeuza nyanya robo saa nzima, akizigeuza moja moja, akisema hii imelia, hii imezeeka, hii nani ameipiga, mpaka yule mwanamke akamwachia kwa nusu ya bei ili aondoke. Kesho yake alirudi kwa mwanamke yule yule na kumpa sukari guru. Hakueleza. Pia aliwadanganya wageni kuhusu mvua. Mawingu yakiwa meusi juu ya Nyabondo, yeye alisema hayo ni ya huko huko, hayafiki. Yalifika kila mara. Wageni walipolowa alisimama nao chini ya mvua bila mwavuli, kana kwamba hiyo ndiyo njia yake ya kulipa.

Kitu ambacho wageni hawakukijua ni siku tatu za baada yao. Walipokuwepo alikuwa mchangamfu, aliwataja kwa majina, alikumbuka nani ana goti baya na nani hapendi bamia. Basi lao likishaondoka kwenda Nairobi, alirudi nyumbani, akafua mahema mwenyewe uani, akayatandaza kwenye nyasi, akakaa kwenye ngazi za nyuma akayatazama yakikauka. Hakusema neno. Siku ya kwanza nilidhani nimemkosea. Niliuliza, akatikisa kichwa. Siku ya pili vile vile. Siku ya nne alikuja jikoni akasema chumvi imekwisha, na nikajua amerudi. Kila safari ilikuwa hivyo, miaka yote. Mwishowe nilijifunza kutosema kitu na kuacha chai yake ya rangi pale kwenye ngazi, na kuchukua kikombe baadaye.

Wahindi wenzake walimheshimu kwa mbali. Nilidhani kwamba wao angalau walikuwa watu wake, kwa kuwa wengi wao pia hawakula nyama. Lakini nyumba zao zilijaa maziwa na samli, na vitamu vya hekaluni karibu vyote vilitengenezwa kwa maziwa, na mtu akikataa kitamu cha hekaluni anakuwa amekataa kitu kikubwa kuliko chakula. Alikuwa akienda sikukuu zao, anakaa nyuma, anapokea kile anachopewa kwa mikono miwili, na nje ya lango ananipa mimi. Nilikuwa nikila huku tukitembea. Mara moja mwanamke mmoja alituona. Baada ya hapo Mama hakwenda tena mara kwa mara.

Kwa nini aliacha maziwa, wageni aliwapa sababu moja, nzuri, ya kitabuni, kuhusu viumbe vyote. Mimi alinipa nyingine, siku moja Mfangano tukisubiri maji yachemke. Alisema wakati mumewe alipokuwa na duka huko ndani, mbali na mji, walikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ndama wake akafa. Ng'ombe akakataa kukamuliwa. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu mzuri na mpole, akachuna ngozi ya yule ndama, akaijaza nyasi kavu, akaishona, akaisimamisha mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akaanza kuiramba. Na maziwa yakatoka.

"Nilikuwa nimeshika ndoo," akasema. "Wanangu walikuwa wadogo, walitaka maziwa. Nikayapeleka ndani, nikayachemsha, nikawapa. Wakanywa. Mimi sikuweza."

Nikamwambia hata kwetu hufanywa hivyo, ng'ombe akifiwa.

"Najua," akasema. "Kila mahali hufanywa hivyo. Alikuwa akiiramba masikio, Nyar Dunga. Masikio yalikuwa yameshonwa vibaya."

Hakuwahi kuisimulia tena.

Kwa upande wetu sisi alikuwa mgeni vile vile. Mama mkwe wangu alipofariki, alikuja matangani. Alikaa chini kwenye mkeka na wanawake, sari yake nyeupe, akalia kwa sauti kama tulivyolia sisi, maana alikuwa amemjua. Chakula kilipoletwa hakugusa. Alikunywa maji. Nilijua kwamba masufuria yote yale yalikuwa yamepikiwa samaki au nyama, naye alijua kwamba najua, lakini shangazi za mume wangu hawakujua, na wakasema kwa sauti ya kusikika kwamba Mhindi huyu anatudharau hata siku ya kifo. Alisikia. Kijaluo chake kilikuwa kizuri mno asisikie. Aliinama akaendelea kutazama mkeka.

Niliona haya, na sikujua naona haya kwa ajili ya nani. Mwezi uliofuata nilinunua sufuria mpya, ndogo, nikaitundika peke yake kwenye msumari, nikawaonya wanangu wasiiguse. Nikamkaribisha Mama siku ya Jumamosi. Alikuja. Aliingia jikoni kunisalimia, akaiona.

"Hii ya nani?"

"Yako."

Aliketi, akala sahani mbili za dengu na wali wa Ahero, akalamba vidole, akawauliza watoto habari za shule. Akaniaga vizuri. Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala. Kisha nikamkaribisha tena, akasema ana kazi. Nikamkaribisha mara ya tatu, akasema mguu unamuuma. Mara ya nne nilimuuliza moja kwa moja kama chakula changu kilikuwa kibaya.

"Kilikuwa kizuri," akasema. "Nikizoea, nitakuja kila siku."

"Si uje kila siku."

"Una watu wako," akasema, na akanituma nikanunue mafuta ya taa.

Sasa nisimulie habari ya chai, maana ndiyo iliyomaliza kila kitu, na wengi waliosimulia baadaye hawakuwepo.

Ilikuwa wakati ambapo gugumaji limeanza kulifunika ziwa. Watu wa ufukweni wanaikumbuka ile miaka. Ulikuwa unalala maji yakiwa maji, unaamka unakuta shamba la kijani lenye maua ya zambarau, na upepo ukigeuka shamba lote linahama. Tulikuwa tunarudi kutoka kisiwani na wageni sita, siku ya mwisho ya safari, tukitarajia kuwa Dunga saa sita kwa chakula cha mchana. Kwa hiyo sikubeba chakula. Saa tano, tukiwa tunauona mji kwa mbali, upepo uligeuka na gugumaji likatuzunguka. Ouma alijaribu injini, majani yakaizonga mpaka ikazima. Akajaribu upondo. Tulikuwa kama gari lililozama kwenye matope, ila chini ya matope yetu kulikuwa na maji ya kuzamisha nyumba. Karibu nasi, hatua kama thelathini, wavuvi wawili nao walikuwa wamenaswa.

Tulikula ndizi zilizobaki, nusu kwa kila mtu. Wageni walicheka, wakapiga picha. Saa nane hawakucheka tena.

Kati yao alikuwepo Mjerumani mmoja mzee, mrefu, mtu wa maneno machache, ambaye alikuwa na ugonjwa wa sukari na kila asubuhi alijidunga sindano. Wenzake hawakujua. Alikuwa amemwambia Mama peke yake, na Mama akaniambia mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyepika. Alikuwa amemwomba asimwambie mtu mwingine yeyote. Hakutaka kuchungwa njiani kama mtoto. Asubuhi hiyo alijidunga kama kawaida, akitegemea kula saa sita. Peremende zake alizimaliza. Saa tisa nilimwona anatoka jasho huku anatetemeka, na macho yake yanamtazama Mama bila kumwona. Wageni wengine walidhani ni jua, wakamfunika kwa shuka.

Mama akaniuliza kwa Kijaluo, "Sukari iko wapi?"

Nikasema, "Imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Kulikuwa na karibu kilo nzima kwenye kopo, na asubuhi hiyo nililiacha kopo lote kwa mwanamke wa kisiwani ambaye tulilala kwenye uwanja wake, kama nilivyokuwa nikifanya kila safari, bila kumuuliza Mama. Mama alinitazama mara moja tu.

Akainuka. Yeye ambaye hakuwahi kusimama kwenye mtumbwi hata siku moja alisimama wima, akawaita wale wavuvi kwa sauti, akawauliza kama wana kitu chochote chenye sukari. Wakasema wana chai kwenye thamosi. Akawaambia waitoe. Waliifunga kwenye ncha ya upondo, wakaisukuma juu ya majani, Ouma akaivuta kwa kasia.

Ilikuwa chai ya wavuvi, nzito, maziwa matupu, sukari mpaka inanata. Mama alimimina kwenye kifuniko. Aliyaona maziwa, nami niliyaona. Akapiga magoti mbele ya yule mzee, akamshika shingo kwa nyuma.

Mzee akauliza kwa Kiingereza, polepole, "Ina maziwa?"

Mama akasema, "Hapana. Kunywa."

Akanywa. Nilikuwa nikimtazama usoni. Mtu aliyeacha maziwa miaka ishirini anayajua maziwa yakigusa ulimi. Alisita, akamtazama, kisha akafumba macho akameza kifuniko chote, na cha pili, na cha tatu. Baada ya muda mfupi kutetemeka kulipungua. Akaomba maji. Saa kumi na moja watu wa Dunga walitufikia na mapanga wakikata njia, na jioni yule mzee alikuwa akila viazi mezani kama kawaida. Alipoaga kesho yake alimshika Mama mikono miwili kwa muda mrefu.

Lakini mwanamke kijana aliyekuwa amekaa nyuma yake mtumbwini alikuwa ameona rangi ya chai. Miezi michache baadaye Mama alipokea lile gazeti dogo kwa posta, na ndani yake mlikuwa na barua ya yule mwanamke. Mama alinisomea, akinitafsiria sentensi moja moja. Ilisema kwamba katika safari hizi za Kisumu mgeni mzee, akiwa amechoka na jua, alipewa maziwa, na alipouliza aliambiwa hapana. Ilisema kwamba mtu akiweza kudanganya mara moja huwezi kujua amedanganya mara ngapi. Haikuwa na tusi hata moja.

Nikamwambia, "Andika. Waeleze angekufa."

"Nikieleza itabidi niseme alikuwa na nini."

"Si useme."

"Aliniomba nisiseme." Akakunja gazeti. "Na huyu binti ameandika kweli tupu. Mzee aliuliza, nikasema hapana."

"Huyo mzee mwenyewe basi aandike."

Hakuandika. Alituma kadi ya Krismasi miaka miwili, yenye picha ya theluji, na saini tu. Mama aliziweka juu ya redio. Mimi nilikuwa na hasira naye kwa muda mrefu, na nadhani bado ninayo kidogo.

Habari ya sukari nilishindwa kuibeba. Siku tatu baada ya siku ile nilikuwa nimemwendea uani, mahema yakiwa kwenye nyasi, yeye kwenye ngazi katika kile kimya chake, nikamwambia nilimdanganya, kopo nililiacha kisiwani. Nilitarajia anifukuze. Aliendelea kutazama mahema.

"Najua," akasema. "Yule mama ana watoto wanne. Ningekuwa mimi ningeacha na chumvi."

Hayo tu. Ni mara moja tu aliyosema kitu kwenye zile siku tatu.

Barua za wageni zikapungua. Mwaka uliofuata tulikuwa na safari mbili, na ya pili ilikuwa na watu wawili, ndugu wa India ambao hawakusoma gazeti lile. Aliwapeleka siku zote nane, mahema yote, kana kwamba ni kumi. Kisha hakuja mtu. Aliuza injini kwa Ouma, kwa bei ambayo Ouma mwenyewe aliikataa mpaka akalazimishwa. Nyumba ya mawe ikauzwa, naye akahamia Migosi, vyumba viwili vya kupanga, kati ya familia changa za waalimu na manesi. Mimi nilifungua kibanda cha chai na chapati. Mwanzoni nilimtembelea kila wiki, halafu kila mwezi, halafu mume wangu akaugua na mwaka mzima ukapita.

Alinijia mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nikikanda unga, nikaona raba nyeupe mbele ya kibanda. Alikuwa amepungua sana, fimbo sasa ilikuwa ya kumbeba, si ya kuonyesha njia. Alinipa pole ya kifo cha mume wangu kwa maneno kamili, kama tunavyopeana. Kisha akasema, "Kesho una kazi?"

"Kazi ipo kila siku, Mama."

"Funga."

Kesho yake alikuja na teksi ya jirani yake, tukapanda barabara ya Riat, ile inayopinda pinda juu ya mji. Dereva alituacha pale njia ya gari inapoishia. Tulianza kutembea kati ya mawe na vichaka vya lantana, yeye mbele, mimi nyuma, kama zamani. Kila baada ya hatua kumi alisimama, akajifanya anatazama ndege. Hatukuwa tumefika hata theluthi ya njia alipoketi kwenye jiwe.

"Mimi nitakaa hapa," akasema. "Wewe nenda."

"Niende nikafanye nini?"

"Ukaone."

Nikamwambia nitakaa naye. Akanitazama kwa lile jicho la sokoni, nikaondoka.

Nilipanda nikiwa sina kitu mikononi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba katika miaka ile yote sikuwahi kupanda mlima bila mzigo. Nilikuwa nikifika kileleni na sufuria kichwani, natafuta mawe matatu, nawasha moto kabla wageni hawajachoka kutazama. Walikuwa wakisema maneno ya kushangaa nyuma ya mgongo wangu, na mimi nikipuliza moto.

Juu kulikuwa na upepo. Mji ulikuwa mdogo, mabati yake yakimetameta. Upande mmoja uwanda wa Kano ulikuwa umelala tambarare hadi kwenye milima ya Nandi, miraba ya mpunga na miwa, moshi hapa na pale. Mbele yangu ghuba yote, na ng'ambo yake, mbali kabisa, mlima wa Homa ukitoka majini, bluu juu ya bluu. Nikainua mkono nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu. Nilibaki hivyo mkono ukiwa hewani, na sijui kwa nini machozi yalinitoka, maana sikuwa na huzuni yoyote mpya siku hiyo. Nilishusha mkono nikakaa. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Niliposhuka nilimkuta pale pale kwenye jiwe. Alikuwa amevua raba, miguu yake midogo iko juani, na alikuwa akitazama njia ninayojia.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama."

Akasogea kidogo kwenye jiwe, akanipa nafasi.

"Basi niambie," akasema. "Usiharakishe. Anza na kushoto."

Nikakaa kando yake, nikaanza na kushoto.